Siku Niliyoapa Kwamba Enyau Si Mto

Kabla hujacheka, kaa chini. Najua utacheka tu, hata mke wangu hucheka, na yeye mwenyewe alikuwepo sehemu ya pili ya mambo haya. Lakini cheka ukijua kwamba nilichokiona nilikiona kwa macho haya mawili, sijanywa kitu, sina homa, na nimeshiba maharage vizuri kabisa. Watu wakisimulia vitu vya namna hii huanza na giza na bundi. Mimi bundi sina. Mimi nina jua la saa saba mchana, hapa Arua, siku ya Ijumaa, na pikapu ya mzee mmoja iliyojaa povu la sabuni.

Wakati huo nilikuwa muosha magari. Miaka tisa niliosha magari kwenye Enyau, huu mto wetu mdogo unaopita mjini kama mtu anayekatiza uani kwa watu bila kupiga hodi. Si mto wa kutisha. Kiangazi, ukiwa na miguu mirefu, unauvuka kwa hatua tano. Lakini jaribu kuuondoa uone kama mji utabaki. Huku wanafyatua matofali, kule akina mama wanafua, karibu na daraja kuna bustani za mboga za sukuma, na Jumapili makanisa mengine huleta watu wao kubatizwa pale penye kina. Sisi waosha magari tulikuwa upande wa mawe, kila mmoja na jiwe lake. Jiwe la mtu lilikuwa la mtu. Hata ukifiwa ukaenda matangani wiki nzima, ukirudi unalikuta linakungoja.

Shida ilikuwa sheria. Sheria inasema usioshe gari karibu na mto. Sasa sisi hatukuwa karibu na mto, sisi tulikuwa ndani yake. Kwa hiyo tukafanya kikao, mwenyekiti akiwa rafiki yangu Candia, Mlugbara wa mtaa wa Mvara, mtu mwenye akili nyingi kuliko shule aliyosoma. Candia akasema dawa ni moja tu. Akishuka mtu wa ofisi kutoka kule juu Arua Hill, sote tuseme huu si mto, ni mtaro wa maji ya mvua. Nani ana sheria ya mtaro? Tukakubaliana, tukafanya na mazoezi. Candia anajifanya ofisa, anauliza, sisi tunajibu kwa pamoja: "Muto? Muto gani? Hii ni mutaro tu, iko mukubwa kidogo." Tulicheka mpaka machozi. Laiti ningejua, ningekwenda kuuza mkaa.

Haya. Sasa kuhusu ile pikapu.

Nilikuwa nampenda binti mmoja wa Koboko anaitwa Zaitun. Mnubi mwenzangu, watu wa kwetu, tulionana kwenye arusi ya binamu yangu, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Baba yake ni Hajj Rajab, mfanyabiashara wa mahindi, mzee mfupi mwenye sauti ndefu. Nilipotuma wazee wangu kwake, hakukubali wala hakukataa. Alikuja Arua mwenyewe Ijumaa asubuhi, akaendesha pikapu yake mpaka kwenye jiwe langu. Udongo mwekundu umeifunika mpaka vioo. Akashuka, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Kijana, hii ni amana," akasema. "Osha kwa mikono yako, uilete Koboko mwenyewe kabla ya swala ya alasiri. Ndugu zangu wote watakuwepo. Nataka waone mutu anayetaka binti yangu anashika vitu vya watu namna gani."

Kisha akapanda basi, akarudi kwake. Unaelewa? Ule haukuwa uoshaji, ule ulikuwa mtihani. Nikiirudisha chafu, nimekosa mke.

Nilianza kazi, udongo ukawa mgumu, nikasugua, nikasugua. Adhana ya Ijumaa ikanikuta nimepaka sabuni gari zima na sijasuuza hata tairi moja. Wenzangu Waislamu wakafunga ndoo zao wakapanda kwenda msikitini. Wakristo wakatumia nafasi hiyo kwenda kula. Candia akavuka upande wa pili kwa mama mmoja anayepika enyasa, ule ugali wao wa muhogo, akipewa hatoki mpaka sufuria lilie. Na mimi? Mimi nikajiambia Mungu anajua ninahangaikia ndoa, na ndoa ni ibada. Ndiyo hivyo, nikabaki peke yangu mtoni saa ya swala. Usinitazame hivyo, nimeshaombewa toba na haboba yangu, bibi yangu mzaa baba, na nimeshatubu mara nyingi.

Ndipo akaja yule mwanamke.

Alitokea kwenye matete chini ya kona. Mrefu, mweupe kupita kiasi, si weupe wa Mzungu, weupe wa mtu aliyekaa majini mpaka ngozi ikajikunja. Kavaa koti la kijivu, kofia, na faili kubwa kwapani. Mguuni buti la mpira. Nasema buti kwa sababu niliona moja tu. Alisimama ubavu, unaona, na kila nilipozunguka kumsalimu uso kwa uso, yeye naye alizunguka. Nikaona jicho moja, sikio moja, nusu ya mdomo. Nikadhani ni maringo ya ofisi. Nikajua, loo, leo tumeingiliwa.

Faili lilikuwa linachuruzika maji. Katikati ya karatasi nikaona kichwa cha chura mdogo, kinanitazama. Hata hapo sikushtuka! Nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, maskini, mama huyu ameanguka mtoni akikagua, na bado anaendelea na kazi, ofisi zetu zina watu wa bidii.

"Salaam alekum, mama," nikasema. "Karibu. Pole kwa kulowa."

Hakuitikia. Akafungua faili. "Unafanya nini kwa muto?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kububujika, kama mtu anayezungumza huku anasukutua.

Nami, kwa yale mazoezi ya Candia, jibu likatoka lenyewe. "Muto? Muto gani, mama?"

"Hii." Akaonyesha kwa kidole.

"Hii si muto. Hii ni mutaro ya mvua."

Jicho lake lile moja likatulia juu yangu. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa Arua, mama. Nyuma ya msikiti."

"Na miaka yote hiyo, hapa hakuna muto?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angekohoa, angejifanya anaitwa. Mimi nikainua mkono wenye povu na nikasema, "Wallahi, mama. Naapa kwa Mungu, hapa hapajawahi kuwa na muto."

Akaandika. Hakuwa na kalamu, aliandika kwa tete. Akanisogezea karatasi. "Weka dole."

Nikaweka dole gumba. Karatasi ilikuwa baridi sana. Yule chura akafunga macho.

"Sawa," akasema. "Kama haiko, haiko."

Akageuka, akaingia majini. Hakupitia kwenye mawe, aliingia pale penye kina. Maji magotini, kiunoni, kifuani, mpaka kofia ikazama, na hakuna hata kiputo kimoja kilichopanda. Nikasimama hapo nikiwaza, siku hizi maofisa wanafundishwa mambo mengi kweli.

Nikachukua jerikani, nikalizamisha ili nisuuze gari. Nikalinyanyua. Tupu. Nikalizamisha tena, nikalikandamiza kwa mikono miwili. Maji yakalizunguka lile jerikani na kupita pembeni, yakaacha shimo lenye umbo lake. Nikatupa jerikani, nikateka kwa viganja. Viganja vikavu. Nikatazama chini, miguu yangu iko mtoni, maji yanapita huku na huku, na vidole vyangu vina vumbi. Naomba uniamini hapo, vumbi, nimesimama katikati ya Enyau! Nikatoka mbio mpaka nchi kavu nikipiga shahada.

Candia aliporudi, anajichokonoa meno, alinikuta nimekaa juu ya jiwe langu, povu linakauka kwenye mikono yangu na kwenye gari.

"Wewe, mbona husuuzi? Saa zinakwenda."

"Mwagia wewe," nikamwambia.

Akateka ndoo, ikajaa kwake bila matata. Akarusha maji kwenye boneti. Maji yakafika karibu na pikapu, yakakata kona, yakarudi yakamlowesha Candia kifua chote. Akarusha tena, akalowa tena. Si lilikuwa amana yangu lile gari? Kilichokuwa mikononi mwangu kilihesabiwa ni changu. Candia akaweka ndoo chini polepole, akafanya ishara ya msalaba.

"Mutu yangu, ulisema nini, na ulisema na nani?"

Nikamsimulia. Akaenda kutazama matope pale alipopita yule mwanamke. Akaniita. Nyayo zilikuwa za buti la kushoto peke yake, moja, nyingine, nyingine, mpaka majini. Mguu wa kulia haukuwepo hata mara moja.

"Hiyo si ofisi," Candia akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena. "Hiyo ni adro, pepo. Ile ya muto, wazee wetu wanasema iko nusu ya mutu. Na wewe umemwambia mwenye nyumba kwamba nyumba haiko."

"Lakini ni wewe uliyetufundisha!"

"Mimi nilisema mudanganye serikali," akasema. "Nani alikuambia uape?"

Nilifanya nini? Niliwasha gari nikaenda. Ningekaa pale hadi lini? Saa nane ilikuwa imepita. Ile sabuni ilikauka njiani kwa upepo, ikabandika ukoko mweupe juu ya ule udongo mwekundu, pikapu ya Hajj ikawa na mabaka mabaka. Watoto kando ya barabara waliacha kunipungia mkono. Nilipofika upande wa Dranya mvua ikashuka, mvua ile ya kweli, wakulima wanakimbia na majembe kichwani, wanajibanza chini ya majani ya migomba. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikasimamisha gari katikati ya mvua, nikashusha kioo, nikasema njoo, nioshee. Mvua ilipiga barabara mbele yangu, ikapiga nyuma, ikapiga pembeni, na juu ya pikapu palikuwa pakavu kabisa. Mama mmoja aliyekuwa amejibanza kwenye mgomba aliliona pengo lile. Alitupa muhogo wake akakimbilia mvuani.

Koboko nilifika alasiri inakaribia. Wazee tisa wamekaa kwenye mikeka, kanzu zinang'aa, Hajj katikati.  Hajj alisimama, akalizunguka gari mara moja, akapitisha kidole kwenye mlango, akatazama kidole.

"Hii ndiyo umeosha?"

"Hajj, nitaeleza."

"Tuswali kwanza," akasema, na ile heshima yake ilinichoma kuliko tusi.

Kwao, mgeni wa heshima hamwagiwi maji ya udhu na mtu yeyote tu, humwagiwa na wa nyumbani. Na siku hiyo, ili wazee watuone sisi wawili pamoja, aliyekuja na birika alikuwa Zaitun mwenyewe. Kajifunga kanga mpya, macho chini, anatabasamu kidogo upande mmoja. Mimi nikakunja mikono ya shati nikaomba dua zote ninazozijua. Akainamisha birika. Maji yakatoka mdomoni mwa birika, yakafika juu ya viganja vyangu, yakapinda, yakaenda kutua kwenye kanzu ya baba yake mdogo aliyekaa kulia kwangu.

"Samahani, baba," Zaitun akasema, akajaribu tena. Maji yakapinda kushoto, yakamlowesha mzee mwingine. Mara ya tatu yalipanda juu kwanza, nakuambia yalipanda juu, kisha yakamwangukia Hajj kwenye kofia.

Nikasema, "Wazee wangu, mimi leo nitatayamamu." Nikapiga mikono yangu kwenye vumbi.

"Kutayamamu?" Hajj akauliza, maji yanamtiririka puani. "Mbele ya kisima na tangi mbili? Una nini?"

"Ngozi, Hajj. Daktari alisema ngozi yangu haipatani na maji."

"Ngozi yako haipatani na maji," akasema yule wa kanzu iliyolowa, "sisi ndio tunalowa?"

Nikaona hakuna njia. Nikawaeleza yote, kuanzia kikao cha mtaro hadi chura. Hajj alinisikiliza akihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo umeapa uongo. Kwa jina la Mungu. Siku ya Ijumaa. Saa ya swala. Na gari yangu mkononi." Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akavikunja. "Sikiliza. Sitasema umerogwa, sitasema una wazimu. Ijumaa ijayo urudi hapa. Ukitawadha mbele yangu kwa maji, tutazungumza ndoa. Ukishindwa, kuna kijana ana duka la simu hapa mjini, na yeye maji yanamkubali."

Gari likabaki kwake. Zaitun alinisindikiza mpaka getini, birika bado mkononi.

"Nimekataa watu wawili kwa ajili yako," akanong'ona. "Usiniaibishe kwa maji."

Nilitaka kulia. Nampenda yule binti, na machozi hayakutoka hata tone. Nayo ni maji.

Wiki ile usiniulize. Maji ya kunywa yalinikimbia kikombeni. Nilinusurika kwa maziwa, machungwa na miwa, haboba anamenya mchana kutwa, analalamika meno ya kunisaidia hana. Kuoga hakuna. Siku ya tatu alinitolea godoro nje, akalitupa mbali chini ya kamba ya nguo, akasema ananipenda sana lakini pua yake haina subira. Nilikwenda mtoni kila siku. Nilipiga magoti kwenye mawe nikasema, "Wewe ni muto, wewe ni muto, nisamehe." Akina mama waliokuwa wanafua wakahamisha ndoo zao. Maji yakazidi kunipita.

"Unapoteza muda," Candia akaniambia. "Umeona faili? Umeweka dole. Neno la faragha haliondoi neno la faili. Lazima useme mbele ya watu, wale wa ofisi tuliowatungia uongo."

Alijua anachosema, na uso wake ulikuwa mzito, kwa sababu habari ilikuwa imeshatufikia: Alhamisi maofisa wa kweli wanashuka kutoka Arua Hill, na wanataka jibu moja tu, huu ni mto au mtaro.

Jumatano jioni alinifuata kwenye godoro langu. Alisimama mbali kidogo kwa ajili ya harufu. "Nina watoto watatu shuleni," akasema. "Kesho wewe nyamaza. Mimi nitajibu. Huyo binti, wako wengi."

"Hakuna wengi, Candia."

"Basi mimi nitakula nini?"

Sikulala. Huyu ndiye mtu aliyenipa lile jiwe, aliyenifundisha kuosha injini bila kuharibu waya. Na Koboko kulikuwa na Zaitun na birika. Wewe ungefanyaje? Sema ukweli.

Alhamisi wakaja, wanaume wawili, viatu vikavu, wana kamba ya kupimia. Wakatukusanya sote kwenye mawe. Mmoja akauliza kwa upole tu, wala hakuwa mkali: "Ndugu zetu, huu ni mto au si mto?"

Candia akajibu, "Hii ni mutaro, bwana." Wenzake wakaitikia kwa pamoja, vizuri kabisa kama mazoezini. Mimi nilikuwa nimeuma midomo. Ndipo nikamwona. Nyuma ya yule ofisa wa pili, kwenye matete, amesimama ubavu, faili wazi, tete mkononi, anangoja. Hakuna mwingine aliyegeuka.

"Ni mto!" nikapiga kelele. Sijui hata sauti ile niliitoa wapi. "Ni mto, mabwana, msidanganywe! Hapa nilijifunza kuogelea nikakaribia kufa mara mbili. Hapa haboba alifua nepi zangu. Candia huyu, huyu mnayemwona, alibatizwa pale penye kina, nilikuwepo, alimeza maji akakohoa mpaka mchungaji akacheka! Matofali ya nyumba zenu huko juu yametoka kwenye udongo wake. Unaitwa Enyau, una jina, mtaro gani una jina? Niliapa uongo. Ni mto, na mimi ndiye nimekuwa nikiumwagia oili miaka tisa."

Candia, machozi yamemjaa, akanyanyua ndoo yake, ndoo ya maji machafu ya kuoshea matairi, akanimwagia yote usoni.

Yakanipata!

Jamani, yalinipata. Matope, oili, majani, yaliingia puani, yakashuka shingoni mpaka kiunoni. Nikapiga yowe la furaha. Wenzangu walifikiri nawacheka, hasira zikawapanda, wakanyanyua ndoo zao nao. Mmoja akamwaga, mwingine akamwaga, na mimi nawapokea, nawaambia asante, asante sana, ongeza, na hapa mgongoni. Wale maofisa walirudi nyuma na kamba yao. Nikalia, na machozi yakatoka. Nilipoyafuta na kutazama kwenye matete hapakuwa na mtu.

Ijumaa nilitawadha Koboko mbele ya wazee tisa, waliokuwa wamekaa mbali wakiwa wamekunja kanzu magotini. Zaitun akamwaga, na maji yakashuka viganjani mwangu kwa adabu. Hajj alimgeukia yule mdogo wake akamwambia alete tende. Tulioana baada ya mwezi wa mfungo.

Lakini usidhani mambo yaliishia hapo, na usidhani nilipita bure. Mawe yalifungwa. Wenzangu walihamishiwa juu barabarani, wanaosha kwa tangi, mbali na wateja wao wa zamani, na miezi mitano Candia akiniona anavuka barabara. Hilo lilinila. Nilimfuata mara ngapi, hataki. Siku moja alikuja mwenyewe, akaketi, akaomba chai, akasema binti yake mkubwa amemuuliza swali la shule kuhusu mito ya Arua na hakujua afiche uso wapi. Tukanywa chai. Hatujawahi kulizungumza tena.

Na mimi maji yalinisamehe nusu. Nikisema kweli, ninakunywa, ninaoga, sina tatizo. Nikisema uongo, hata mdogo, hata wa kumfurahisha mtu, maji yaliyo karibu yanajitenga nami papo hapo. Bomba linakatika. Supu inasogea upande wa pili wa bakuli. Sitaki kukuambia imenigharimu nini kwenye misiba na kwenye kusifia watoto wa watu. Zaitun aligundua wiki ya kwanza ya ndoa, na tangu hapo, akitaka kuniuliza jambo, hapazi sauti wala hanuni. Ananiletea glasi ya maji, ananiwekea mkononi, kisha ndipo anauliza. Ulikuwa wapi? Nani alikupigia simu? Chakula cha mama yangu umekipenda?

Juzi alikaa mbele yangu na glasi, uso wake umetulia, hakuwa akitania.

"Siku ile mbele ya maofisa," akasema, "ulikuwa unautetea mto, au ulikuwa unanitafuta mimi?"

Nikafikiria Enyau, na oili yangu ya miaka tisa, na jinsi watu wanavyonisifia siku hizi kwamba mimi ni mlinzi wa mto. Nikakohoa, nikajiweka sawa. "Nilikuwa nautetea mto," nikasema.

Maji yote yakaruka kutoka kwenye glasi yakanipita sikioni, yakapiga ukuta nyuma yangu. Zaitun alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, kisha akaja akanikumbatia, na ukuta ule una alama mpaka leo, njoo utazame.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukipita Arua, ukasimama kando ya Enyau saa ambayo hapana watu, na mtu akakuuliza kwa upole unaona nini mbele yako, usijibu haraka. Mwombe kwanza ageuke. Akikataa kugeuka, mwambie ni mto, uutaje kwa jina lake, kisha nenda zako nyumbani bila kuweka dole popote.